Bugonoka kwenye Rafu ya Chini



Somo la juma hili ni sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza, habari za Hana na mumewe Elkana. Nimelihubiri somo hili mara nyingi, na kila mara nilikuwa na haraka ya kufika mwisho, pale mtoto anapozaliwa na kuitwa Samweli. Safari hii nimekwama katikati. Aliyenikwamisha ni mzee mmoja wa Ukerewe ambaye sikuwahi kumwona, aliyefariki mwaka 1981. Nilimkuta maktaba.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mwaka jana mume na mke wa usharika wetu walileta shukrani kwa kutimiza miaka kumi ya ndoa. Wamenipa ruhusa niandike habari hii, ila majina nayaacha. Walikuja na mchele, mafuta, jogoo mweupe aliyefungwa miguu kwa kitambaa, na bahasha. Niliwaombea vizuri. Kisha, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, nikasema kwa furaha yangu yote kwamba mwakani tutakutana pale pale mbele ya madhabahu, nao wakiwa watatu. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mama yule akatabasamu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona kidole gumba chake kikiizungusha pete, kikiizungusha tena, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kufungua kitu kilichokaza. Jumapili tatu zilizofuata hawakuonekana. Nilipopiga simu, baba alipokea akasema, "Mchungaji, tupo salama, tunapumzika tu." Sikupewa neno zaidi, na sikustahili.

Maktaba nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na alihitaji kusoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Nakala darasani kwao zilikuwa chache, wakipokezana. Nikampeleka maktaba ya mkoa hapa Mwanza siku ya Jumamosi. Meza zote zilijaa wanafunzi waliolalia mitihani iliyopita, kalamu zinaenda, hakuna anayesema. Binti akapata kitabu chake, akapata na kiti. Mimi nikabaki nimesimama, nikaanza kupita kwenye rafu za Kiswahili kama mtu anayepita sokoni bila orodha.

Nilikuta watu niliowaacha shuleni. Shaaban Robert alikuwepo. Mabepari wa Venisi alikuwepo, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, jalada limefifia. Nikainama hadi rafu ya chini kabisa, nikapiga goti moja, na hapo nikaona kitabu kinene ambacho mgongo wake ulikuwa umechanika ukazibwa kwa utepe wa kahawia. Nikakivuta. Vumbi likaja nacho. Nyuma, kwenye karatasi wanayogonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, mihuri ilikuwa michache, na wa mwisho ulikuwa wa zamani mno. Nikasema nisome ukurasa mmoja tu. Binti yangu ndiye aliyekuja kunigusa bega kuniambia kwamba wanafunga.

Kitabu chenyewe kina jina refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Familia nzima imepangwa juu ya jalada, kama tunavyosoma majina ya wanaoleta shukrani. Kinaeleza maisha ya Ukerewe kabla ya Wazungu kufika. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza kusema. Maneno yanazidi, mpaka wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao wanarudi naye kwao. Afadhali akae nyumbani kuliko kutukanwa kwa watu. Mume anabaki na nyumba iliyopoa. Angeweza kuoa mwingine, na mila isingemlaumu. Yeye anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mke wake arudi.

Ukweni hawamrudishii hivi hivi. Anatozwa faini, mitungi sita ya pombe ya ndizi.

Najua baadhi yenu mtashtuka kuona Mchungaji anaandika habari za pombe katika tafakari. Nivumilieni. Mwandishi mwenye haraka angesema tu kwamba Myombekere alipika pombe, akaipeleka, akapewa mke wake. Mzee huyu hafanyi hivyo. Anakuketisha shambani. Ndizi zitafutwe, ziivishwe, zingojewe. Watu waitwe wasaidie, na kila anayefika asalimiwe salamu kamili, aulizwe habari za kwake, ajibu, naye aulize. Ndizi zikamuliwe, mtama uandaliwe, kinywaji kichachuke kwa wakati wake. Nilizisoma kurasa zile nikiwa na hasira kidogo, maana nilitaka kujua kama mke atarudi. Kisha nikatambua kwamba Myombekere naye alitaka kujua kama mke atarudi, na hakuwa na ukurasa wa kuruka.

Hapo nilifunga kitabu nikaona aibu. Mimi, katika ndoa ya watu waliongoja miaka kumi, niliruka kurasa zote.

Nilikiazima. Kwa majuma matatu nilikisoma usiku baada ya watoto kulala, na Mama Mchungaji akaanza kuniuliza asubuhi, "Bugonoka amefikia wapi?" Hatimaye mtoto anapatikana, baada ya uganga na subira nyingi, na baadaye wa pili. Lakini sikilizeni majina wanayopewa. Ntulanalwo, kwa Kikerewe, ni karibu na kusema siku zote niko na kifo. Bulihwali ni swali, huzuni itakwisha lini? Hana alimpa mwanawe jina la ombi lililosikiwa. Hawa wawili, furaha ilipowafikia, hawakujifanya kwamba hawakuogopa. Waliandika hofu yao juu ya watoto wao na bado wakawalea kwa upendo. Nimewabatiza watoto wengi wenye majina ya Baraka, Neema na Furaha, na ni majina mazuri. Ila sikuwahi kumuuliza mzazi hata mmoja ni jina gani lingine lilikuwa kooni mwake siku ile.

Nilirudi maktaba, safari hii peke yangu, nikamuuliza mkutubi kama kuna lolote juu ya mwandishi. Akaninyooshea mkono kwenye rafu ya vitabu vya uhakiki, kisha akaja mwenyewe akanitolea viwili. Ndipo nilipomjua Aniceti Kitereza.

Alizaliwa mwaka 1896. Alisoma kwa mapadre, akafika hadi Seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa, na huko alifundishwa Kilatini na Kijerumani miongoni mwa lugha nyingine. Upadre haukuwa njia yake. Alirudi akamwoa Anna Katura, akaishi Kagunguli, misheni ya Wakatoliki pale Ukerewe, akiifanyia kazi za kuandika na kutafsiri. Na hapa ndipo moyo wangu ulipogonga, ndugu zangu. Kitereza na Anna walizika watoto wao wangali wachanga. Hakubaki hata mmoja wa kuwazika wao. Ndugu na jirani walikuwa na ushauri ule ule waliokuwa nao ndugu wa Myombekere, na Kitereza alibaki na Anna.

Basi yale niliyoyasoma nikidhani ni hadithi ya watu wa kale yalikuwa yametoka katika nyumba ambayo vitanda vya watoto vilikuwa vitupu. Sisemi kwamba Myombekere ni Kitereza mwenyewe. Mwandishi ana haki ya kutunga, na kitabu hiki ni kikubwa kuliko maisha ya mtu mmoja. Aliandika pia kwa sababu aliona lugha na desturi za Wakerewe zinapotea, akataka zibaki mahali. Lakini nani angemwandikia Bugonoka kwa heshima ile, asiyejua nyumba ya namna ile inavyosikika jioni?

Aliukamilisha mswada mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuuchapa. Lugha ya kisiwa kimoja, kitabu kinene hivyo, nani angekinunua? Miaka ikapita. Akiwa mzee, viungo vikimuuma, aliketi akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikauchapa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981, kabla kitabu hakijafika mikononi mwake. Miaka thelathini na mitano ya kungoja, na hakukishika. Simeoni wa hekaluni alipewa kumpakata mtoto aliyemngojea. Mzee wa Kagunguli hakupewa watoto, na kitabu chake pia kilimpita njiani. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza, nacho kilishafika kwa Wajerumani pia. Wageni wamekisoma. Sisi, tunaoiona njia ya meli ya Nansio tukiwa tumesimama hapa ufukweni, tulikiacha rafu ya chini.

Ninapowaza habari za maktaba zenyewe, moyo wangu unashukuru. Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, nchi ikiwa changa, ina mahitaji mpaka shingoni. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa Desemba 1967. Mtu aliona kwamba mkulima wa Ukerewe, karani wa Tanga na mtoto wa kidato cha tatu wanastahili kukutana katika chumba kimoja bila malipo ya kitabu. Naomba wazazi wa usharika wetu tusiwapeleke watoto pale kwa ajili ya mtihani peke yake.

Wapo walioniambia, kwa nia njema, kwamba mtumishi hana muda wa hadithi za kutunga, kwa sababu ni uongo. Nawaelewa; nilikuwa na mawazo hayo. Lakini mkumbuke Nathani alipokwenda kwa Daudi. Hakumsomea sheria. Alimweleza habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja, aliyekuwa akila naye na kulala kifuani pake. Mwana-kondoo yule hakuwahi kuwepo. Wala hapana mji unaoweza kutuonyesha kaburi la baba wa mwana mpotevu. Daudi aliyeweza kujitetea mbele ya shtaka hakuweza kujitetea mbele ya hadithi. Alikwisha kukasirika kabla hajajua kwamba anajikasirikia. Bugonoka alinifanya hivyo hivyo.

Kutoka kisiwa kile kile kuna kitabu kingine ambacho sikukiona rafuni mpaka nilipokitafuta, nacho ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo. Kilitoka mwaka 1971, wakati mswada wa mzee Kitereza ungali unangoja. Kwa muda kilipigwa marufuku shuleni, baadaye kikawa kitabu cha kiada. Katika ujana wangu tulikisoma kimefunikwa kwa gazeti, tukitafuta kurasa zile tulizoambiwa ni chafu. Sasa nimekisoma nikiwa baba wa binti, na aliyenitisha ni Zakaria, baba yake Rosa. Mkali kwa binti, mlegevu kwa chupa. Anamlinda mwanawe kwa fimbo mpaka mtoto anakua bila kujua kuzungumza na mwanamume, halafu anamwachia dunia. Rosa anaharibikiwa hatua kwa hatua, na mwisho wake ni wa kutisha. Lakini mwandishi hamwachi hapo. Anampeleka yeye na baba yake mbele za Mungu, wote wawili wajibu. Zipo kurasa ambazo kama mchungaji sikubaliani nazo. Ile ya baba na binti kusimama pamoja kizimbani siwezi kuipinga. Nilihesabu moyoni mabinti ambao sisi wazee wa kanisa tumewatenga na Meza ya Bwana kwa sababu mimba ilionekana. Nilijaribu kukumbuka kikao kimoja tu ambacho tulimwita baba. Sikukumbuka. Jambo hili nitalileta katika baraza, na naomba mliombee.

Nirudi kwa wenye huzuni ya watoto, maana huko ndiko somo linakonivuta.

Mkutubi yule, alipoona ninasoma nini, alinipa siku nyingine kitabu cha Kiingereza juu ya maisha ya Fyodor Dostoevsky, Mrusi. Nilijua jina tu. Huyu naye alikuwa na kifafa tangu ujana. Mwezi Mei 1878 mtoto wake mdogo, Alyosha, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alishikwa na degedege la kifafa akafa. Fikirini baba anayejua kwamba ugonjwa uliomuua mwanawe umetoka katika damu yake. Mkewe, Anna, ambaye naye alikuwa amevunjika, aliona mumewe anazama, akamsihi rafiki yao, Vladimir Solovyov, ampeleke kwenye monasteri ya Optina. Huko alizungumza na mzee mmoja mtawa, Ambrosi. Aliporudi nyumbani akaandika The Brothers Karamazov, kitabu alichokimaliza mwaka 1880, miezi michache kabla ya kufa kwake.

Ndani yake kuna mama wa kijijini anayemwendea mzee mtawa, Zosima. Amefiwa na mwanawe wa miaka kama ile ile ya Alyosha. Ametembea mbali, amemwacha mume nyumbani. Anasema anavikumbuka hata viatu vya mtoto na mkanda wake mdogo. Mzee mtawa kwanza anajaribu kumtuliza kwa habari za mbinguni, kama ambavyo ningejaribu mimi, na mama anajibu kwamba hayo mumewe alishamwambia, na bado analia. Hapo mtawa anabadilika. Anamruhusu alie. Hamwambii anyamaze, hampi tarehe ya kufarijika. Kisha anamuuliza mtoto aliitwa nani.

Niliirudia sehemu hiyo mara tatu. Mama anataja jina, Aleksei, ambalo ndilo hilo hilo Alyosha. Mzee anaahidi kumkumbuka mtoto kwa jina katika sala, na anamhimiza mama arudi kwa mumewe, ambaye naye amefiwa. Dostoevsky aliipata wapi sauti ile ya mtawa kama si kwa mtu aliyemsikiliza yeye kwanza? Shaaban Robert pia, alipofiwa na mkewe Amina, alimlilia kwa shairi lenye jina lake, akaandika wasifu wake mwenyewe bila kuficha msiba ule, na watoto wake akawatungia tenzi za kuwaongoza. Wote hawa wana kitu kimoja ambacho mimi na kipaza sauti changu hatukuwa nacho. Walimtaja aliyekosekana.

Sasa mrudi nami Shilo. Hana anasali, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli ameketi kitini pake penye mwimo wa mlango wa hekalu. Anamtazama kinywa, anaamua kwamba mwanamke huyu amelewa. Kuhani! Yeye aliyewekwa pale kwa ajili ya watu kama Hana. Nilipokuwa kijana nilimwona Eli kama mtu wa pembeni katika hadithi hii. Siku hizi naona ndiye niliyekaa katika kiti chake. Hana anamjibu kwa adabu ambayo hakupaswa kudaiwa, anaeleza kwamba ameumimina moyo wake mbele za Bwana. Eli anageuza sauti, anambariki, anamwombea apewe alichoomba.

Angalieni jambo ambalo halijanitoka tangu Jumatatu. Eli anambariki bila kuuliza ameomba nini. Biblia haituambii kwamba aliwahi kujua, mpaka mama anarudi na mtoto mkononi. Mungu kwa rehema zake aliitumia hata baraka ile ya mtu asiyeuliza. Nami nimefarijika, kwa sababu naona hata maneno yangu mabaya ya mwaka jana hayakumfunga Mungu mikono. Lakini sitaki kubaki hapo, kwenye kiti penye mlango.

Na kingine. Baada ya maneno yale Hana anakwenda zake, anakula chakula, na uso wake haukunjamani tena. Hajashika mimba. Hajapewa ahadi ya mwaka wala mwezi. Nyumbani Penina, mke mwenza wake, bado yupo na watoto wake wote mezani. Kilichobadilika ni kwamba amekwisha kuusema moyo wake wote mbele za Bwana, na mtu mmoja ambaye kwanza alimfukuza kwa macho amegeuka akamsikia. Mimi kwa miaka yote niliufunga uso ule wa Hana na kuzaliwa kwa Samweli. Maandiko yanauweka kabla.

Elkana naye nimemtazama upya. Anampenda Hana, hilo halina shaka, na swali lake la kama yeye hamfai kuliko watoto kumi limehubiriwa kwenye harusi nyingi, mimi mwenyewe nimelihubiri. Ila Hana hamjibu. Mume anamuuliza juu ya nafsi yake yeye, Elkana, wakati mke amebeba jambo jingine. Myombekere alifanya vizuri zaidi, nadhani. Hakumuuliza mkewe kama yeye hatoshi. Alikwenda akatafuta ndizi.

Basi siku ya Jumatano ya juma lililopita nilikwenda kwa wale wanandoa. Nilimtangulia mtu yeyote kusema. Nikawaomba radhi, kwanza mama, kisha baba. Sikuomba sala. Mama akatengeneza chai, tukanywa, mvua ikaanza, ikabidi nikae. Nilikuwa nimekuja na kitabu cha Kitereza, kimezungushiwa mfuko wa nailoni, na nikawaeleza habari zake, kisiwa, mke wake Anna, miaka aliyongoja. Baba akakichukua, akakifungua palepale penye ndizi, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu. Akasimama katikati ya sentensi akacheka, akasema babu yake alikuwa akifanya hivyo hivyo, na kwamba watoto walikatazwa kusogea lakini walisogea.

Mama alikuwa kimya. Nikajiuliza kama niulize, nikaogopa, nikamkumbuka yule mtawa wa Kirusi. Nikamuuliza kama yupo mtoto ambaye sisi hatumjui.

Alikuwepo. Mwaka wa tatu wa ndoa, miezi saba, hospitali nyingine, mkoa mwingine, kabla hawajahamia kwetu. Alizikwa na bibi yake bila ibada kwa sababu kila mtu alisema hakuna haja. Walikuwa wamempa jina. Hakuna mtu aliyewahi kuwauliza, kwa hiyo walikuwa hawajalitamka mbele ya mtu mwingine kwa miaka saba. Mama alilitamka. Baba akalirudia baada yake. Jina hilo ni lao, sitaliandika hapa; nimeliandika katika daftari langu la maombi, na Jumapili ijayo, kwa ridhaa yao, tutalitaja madhabahuni, na hakuna atakayepiga vigelegele. Naomba tusimame tu.

Mvua ilipopungua niliaga. Kitabu nimekiacha kwao. Baba anasoma kwa sauti jioni, mama akisuka mikeka yake. Tarehe ya kurudisha ni Ijumaa. Alhamisi nitapita maktaba kumwomba mkutubi aniongezee wiki mbili, maana wamefika mahali ambapo ndizi hazijaiva bado.